Maziwa ya Kuku, Maziwa ya Ndege

Sanduku lilifika Mulungwishi mwezi wa kumi, limelala chini kabisa ya begi la mpwa wangu, katikati ya makoti mawili ya baridi ambayo huku hayana kazi. Alikuwa amerudi kutoka Moscow, alikosoma miaka sita. Alilitoa akaliweka juu ya meza ya nje, chini ya mwembe, na watoto wakawa wamekwisha kulizunguka kabla hajakata utepe. Kifuniko chake kilijaa picha za vitindamlo: kipande cha keki yenye tabaka, bakuli la krimu iliyounguzwa juu, vinyunyizo vya kakao. Ndani mlikuwa na peremende za chokoleti zilizofungwa moja moja kwa karatasi inayong'aa, na kila karatasi ilitaja kitindamlo ambacho peremende ile imekiiga. Tiramisu. Krem-brule. Kartoshka, yaani kiazi. Grilyazh. Na moja yenye karatasi ya samawati, ambayo mpwa wangu aliitafsiri polepole: maziwa ya ndege.

Nkambo, mzee wetu, ambaye hadi hapo alikuwa kimya kwenye kiti chake, alinyoosha mkono akaichukua. Akaigeuza, akainusa, akamtazama mjukuu wake.

"Ni ndege gani wanakamua kule?"

Watoto walicheka. Yeye hakucheka, alitaka kujibiwa. Na mimi tangu siku ile nimelibeba swali lake, kwa sababu ndani yake naona mataifa mawili yaliyowahi kufikiri wazo moja bila kukutana.

Wasemaji wa Kiswahili wa pwani wana usemi unaojulikana mpaka kwenye magazeti: kitu kikikosekana kabisa huwa adimu kama maziwa ya kuku. Sukari ikipotea madukani, imekuwa maziwa ya kuku. Mafuta ya taa yakikosekana, maziwa ya kuku. Sisi wa Katanga tunasema Kiswahili chetu, chenye Kisanga, Kiluba na Kifaransa ndani yake, na usemi huo mimi niliupata vitabuni, si jikoni kwetu. Lakini Nkambo hakuhitaji kitabu. Alijua kwamba kuku hana chuchu, na kwamba anayetaja maziwa yake anataja kisichopatikana.

Warusi nao wamekuwa na maziwa ya ndege katika lugha yao muda mrefu kabla ya kiwanda chochote kuyatia kwenye sanduku. Hata Wagiriki wa kale waliyajua. Aristophanes aliyataja katika mchezo wake wa Ndege, ulioigizwa Athens mwaka 414 kabla ya Kristo, kama mfano wa neema iliyopita kiasi. Hadi hapo tunafanana. Tofauti iko mahali usemi unapotumika. Mrusi akitaka kumsifia mtu aliyejaaliwa kila kitu, nyumba, chakula na mavazi, husema kwamba amekosa maziwa ya ndege tu. Mswahili hutaja maziwa ya kuku akiwa amesimama mbele ya rafu tupu. Picha ni ile ile ya ndege asiyekamuliwa. Mmoja anaitazama kutoka kwenye meza iliyoshiba, kwamba hapa hapapungui ila kile kisichokuwepo duniani. Mwingine anaitazama kutoka dukani, kwamba hata sukari, kitu cha kila siku, leo imeingia katika kundi la visivyokuwepo.

Nisingependa msomaji aone hapa tofauti ya tajiri na maskini tu, kwa sababu historia ya peremende yenyewe inakataa. Ilianzia Poland, ambako kampuni ya Wedel ya Warsaw ilitengeneza mwaka 1936 chokoleti laini iliyoitwa kwa Kipoland maziwa ya ndege. Miaka thelathini baadaye Wasovieti walionja peremende ya namna hiyo Czechoslovakia, wakaagiza viwanda vyao vitafute njia ya kuitengeneza. Mtu aliyefanikiwa alikuwa Anna Chulkova, fundi wa peremende wa Vladivostok, mji wa bandari kwenye Bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na Moscow. Bahari hiyo ndiyo iliyomsaidia. Katika povu la ute wa mayai na sukari aliweka agari, utomvu unaotolewa katika mwani, badala ya jelatini inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Vladimir Guralnik, mpishi wa mkahawa wa Praga mjini Moscow, aliigeuza peremende ile kuwa keki kamili, na mwaka 1982 keki hiyo ikapewa hati ya ubunifu, ya kwanza kutolewa kwa keki katika Muungano wa Sovieti. Watu walipanga foleni ndefu nje ya mkahawa ili wapate moja. Kwa hiyo jina lililozaliwa kwenye meza iliyoshiba liliishia kwenye foleni. Mtu wa Moscow aliyesimama kwenye baridi akisubiri keki ya maziwa ya ndege angemwelewa mtu wa Dar es Salaam au Lubumbashi aliyesubiri sukari.

Nilimkatia Nkambo ile ya samawati kwa kisu, katikati. Ndani ni nyeupe, laini kama sifongo jipya, na ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Joto la mwezi wa kumi lilikuwa limeanza kuilegeza chokoleti ya nje, na hilo si ajabu, maana siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo. Lakini ule weupe wa ndani haukutetereka, kwa sababu agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85. Kwenye baadhi ya peremende chokoleti ilikuwa na ukungu mweupe kama vumbi la unga. Mama mmoja jirani alisema zimeoza. Hazikuoza. Mafuta ya kakao yaliyeyuka njiani, yakapanda juu, yakaganda tena. Yeyote aliyewahi kununua chokoleti kwenye duka lisilo na friji huku kwetu ameuona ukungu huo.

Nkambo alitafuna taratibu. "Ii ni yai," akasema.

Alikuwa sahihi. Ndani mna ute wa yai na maziwa ya kopo yaliyotiwa sukari. Ndege yumo na maziwa yamo, ila wamekutana sufuriani. Niliwaambia watoto jambo jingine ambalo lingempendeza Aristophanes: ndege wenye maziwa wapo. Njiwa hulisha makinda yake kwa uji mzito unaotoka kooni, na heroe hufanya hivyo hivyo kwa uji mwekundu. Na heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa kwenye Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Basi maziwa ya ndege, kama mtu angeyataka kweli, yako katika nchi ya Waswahili. Ya kuku ndiyo hayapo.

Tulipofika kwenye peremende nyingine, mambo yalibadilika, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na la kusema kama mhakiki na si kama mlaji.

Mtoto wa kaka yangu alikula ile ya tiramisu. Nikamwuliza ina ladha gani. "Sukari," akajibu. Nikampa ya krem-brule. "Sukari." Mwalimu mmoja wa Kifaransa aliyetupitia alasiri alionja zote mbili akasema ya kwanza ina kahawa kwa mbali na ya pili inanukia kama sukari iliyoungua chini ya chungu. Hakuna aliyekosea. Tiramisu ni kitindamlo cha Italia, cha upande wa Treviso, na si cha kale: kilianza kuenea katika miaka ya 1970. Krem-brule ni ya Ufaransa, na mapishi yake yanaonekana tayari katika kitabu cha François Massialot cha mwaka 1691. Warusi waliipokea zamani, na aiskrimu ya krem-brule ni ladha ambayo watu wazima wa huko waliila utotoni. Peremende ya krem-brule kwa Mrusi basi ni kumbukumbu ya aiskrimu, ambayo nayo ni kumbukumbu ya sahani ya Kifaransa. Akiitia mdomoni anakumbuka. Mtoto wa Mulungwishi akiitia mdomoni hana cha kukumbuka. Anabaki na kile kilicho mbele ya ulimi wake, na hicho ni sukari.

Peremende inayoiga kitindamlo inafanana na dondoo la shairi ndani ya hotuba. Anayelijua shairi husikia mlango ukifunguka, na asiyelijua husikia maneno mazuri yanapita. Si kosa la msikilizaji, wala si kosa la shairi. Lakini mwenye hotuba akidhani wote wamelielewa, amekosea. Sanduku lile lilimwelekea mtu ambaye tayari ameketi kwenye mikahawa ya Ulaya, au anayetamani kuketi. Hata nchini Urusi, nadhani, wapo wengi waliokula peremende ya tiramisu kabla hawajaiona tiramisu yenyewe. Huko nakala ilifika kwanza, na asili ikaja baadaye kuhukumiwa kwa kipimo cha nakala.

Iliyonigusa kuliko zote katika kundi hili ni ya kiazi. Mpwa wangu alieleza. Kartoshka ni keki ya kantini za Kisovieti, ya bei ya chini: makombo ya keki na biskuti zilizobaki husagwa, yakachanganywa na siagi, maziwa ya kopo na kakao, kisha yakafinyangwa kwa mkono mfano wa kiazi. Ni werevu wa jiko ambao kila mama wa hapa anaujua, ule wa kutotupa kitu. Huku bukari, yaani ugali, iliyolala huchomwa asubuhi ikaliwa na chai. Ajabu ni kwamba chakula kilichozaliwa kwa kuokoa makombo sasa kimewekwa kwenye karatasi ya dhahabu kama tunu. Sioni ubaya. Watu walioishi maisha magumu wana haki ya kuyakumbuka kwa utamu.

Halafu kuna grilyazh, na hii nataka kukaa nayo.

Jina ni la Kifaransa lililovaa Kirusi. Ni njugu zilizovunjwavunjwa na kushikanishwa kwa sukari iliyounguzwa hadi rangi ya shaba, kisha zikafunikwa kwa chokoleti. Ni ngumu. Nkambo aliipisha, meno hayakumruhusu. Lakini watoto wale wale waliosema "sukari, sukari" walinyamaza walipoing'ata, kisha mmoja akasema: "Karanga!" Walikuwa wamefika nyumbani. Karanga zenye sukari huuzwa kando ya barabara kuu, pale malori ya Kolwezi yanapopunguza mwendo, zikiwa zimefungwa kwenye vipande vya nailoni. Na kwenye pwani ya Waswahili kitu hiki kina jina na heshima: kashata. Kashata ya karanga, kashata ya nazi, kashata ya ufuta, zinazouzwa na muuza kahawa usiku, karibu na jiko lake la mkaa.

Warusi wana ndugu mwingine wa kashata asiyefunikwa chokoleti. Anaitwa kozinaki, na asili yake ni Georgia, ambako hutengenezwa kwa jozi na asali kwa ajili ya Mwaka Mpya. Warusi walibadilisha jozi kwa mbegu za alizeti, ufuta au karanga, kwa sababu alizeti ndiyo waliyokuwa nayo tele. Mpishi wa Mombasa na mpishi wa Tbilisi hawakuwahi kuandikiana barua. Kila mmoja alikuwa na mbegu yenye mafuta, utamu unaonata, na moto. Vitu hivyo vikikutana, mkono hujua la kufanya.

Halua ni habari nyingine, kwa kuwa hapa ukoo unajulikana. Neno ni la Kiarabu, lenye maana ya utamu, na limesafiri njia mbili. Moja ilikwenda kaskazini kupitia Waturuki mpaka Urusi, ambako halva imekuwa kitu kikavu cha mbegu za alizeti zilizosagwa, kinachokatika nyuzinyuzi na kuacha mafuta vidoleni. Nyingine ilivuka bahari na majahazi ya Oman hadi Zanzibar, ambako halua ni kitu kinachotetemeka: wanga, sukari, samli, iliki, kungumanga, zafarani kwa mwenye uwezo, vikikorogwa saa nyingi ndani ya chungu kikubwa mpaka mkono wa mpishi uombe msaada. Jina moja, na mtu akiwekewa vyote viwili mezani hataamini kwamba ni ndugu. Warusi hata wana methali juu yake: sema halva mara ngapi, mdomo hautakuwa mtamu. Waswahili wangejibu kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Nadhani ya kwetu ina nguvu zaidi, kwa sababu mfupa uko mbele yako na jino linauma. Lakini ya kwao ina kitu kinachonihuzunisha, kwa kuwa halva inatajwa pale inapokosekana, kama maziwa ya kuku.

Na kwa halua tunafika kwenye jambo ambalo ningependa kila anayefungua sanduku kama lile alijue. Mtu wa Zanzibar hali halua peke yake. Huila na kahawa chungu, isiyotiwa sukari, katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Mrusi hali peremende peke yake. Huiweka kwenye bakuli katikati ya meza, hunywa chai nyeusi isiyo na sukari, hung'ata peremende kidogo, hunywa tena. Wana hata neno maalumu kwa kunywa chai huku unang'ata kipande cha sukari kando, na hiyo ilikuwa desturi ya kubana matumizi siku sukari ilipokuwa ghali. Jamii hizi mbili zilizo mbali kiasi hiki ziligundua sheria ile ile: tamu inahitaji uchungu pembeni, la sivyo ulimi unachoka.

Sisi wa Katanga tulikula vibaya. Tulikuwa na chai yetu ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na juu yake tukapakia chokoleti. Kufikia ya tatu hakuna aliyetaka nyingine, na watu wakasema vitu vya Warusi vina sukari kupita kiasi. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Siku ya pili nilichemsha majani ya chai bila kitu, yakawa mekundu mazito, tukala moja moja. Tiramisu ikatoa kahawa yake. Krem-brule ikaonyesha ule uchungu mdogo wa sukari iliyoungua, ambao siku ya kwanza ulizama. Mtoto yule wa "sukari" alikunja uso akaniambia: "Hii inaungua kidogo." Naam. Hiyo ndiyo ladha yenyewe.

Je, utamu wa hapa ni upi? Kiswahili kilipanda mpaka Katanga na misafara ya wafanyabiashara. Msiri mwenyewe, aliyetoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 akajenga Bunkeya, kaskazini ya Likasi, aliunganisha shaba na pembe za ndovu za nchi hii na njia za Zanzibar mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Lugha ilifika. Halua ilibaki pwani, na sijawahi kuiona ikiuzwa sokoni Likasi. Utamu wetu ni wa msituni. Miombo inapochanua nyuki huleta asali nyeusi, nzito, yenye moshi kidogo wa mwenge uliowafukuza, na hutolewa kwenye mizinga ya magome. Mvua zikianza huja masuku, tunda la njano lenye nyama laini inayonata kokwani, ambalo watoto hula mpaka midomo inakauka. Kuna muwa, unaotafunwa na kutemwa. Na kuna munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi uliotiwa mizizi iliyopondwa: unywe siku ya kwanza uupate mtamu, siku ya pili uwe umeanza kuchachuka. Nkambo hupenda wa siku ya kwanza jioni, pale utamu na ukali vinapogusana. Naye, bila kufundishwa na Mrusi wala Mzanzibari, anaijua sheria ile ile.

Vitu hivi havifungwi kwa karatasi, na vina majira. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya meza yao na yetu. Peremende ya kiwandani imekusudiwa kuwa ile ile Januari na Julai, Vladivostok na Mulungwishi. Masuku hayakungoji. Mwenye kukosa mwezi wake amekosa mwaka.

Lazima niseme na habari ya kakao. Hapa kwetu haioti, nyanda zetu ziko juu na zina kiangazi kirefu cha baridi. Lakini Kongo inayo: inalimwa upande wa Beni na Mambasa, jirani kabisa na Bundibugyo ya Uganda, na mkulima wa kule mara nyingi huvuna akiwa na hofu ya watu wenye silaha. Tanzania inalima Kyela. Maharagwe hutoka yakiwa yamechachushwa na kukaushwa, yanapanda meli, na yanaporudi yamekuwa kitu ambacho mkulima hakitambui. Wabelgiji walioitawala nchi hii walijijengea jina duniani kwa chokoleti, na peremende yao ya praline ilibuniwa na Jean Neuhaus mjini Brussels mwaka 1912, miaka minne tu baada ya Kongo kuwa koloni rasmi la Ubelgiji. Babu zetu walichimba shaba Likasi, wakati huo Jadotville, na chokoleti waliiona mikononi mwa watoto wa wakubwa. Zanzibar nako, akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanauza umekauka kwenye magunia, na utomvu wake, ndugu wa agari ya Vladivostok, unaishia kugandisha vitindamlo vya watu wengine. Anna Chulkova alikuwa na mwani wa pwani yake na kiwanda katika mji huo huo. Mwani wetu hauna kiwanda cha peremende jirani, na hapo ndipo maziwa ya ndege ya Mrusi yalipopatikana na ya kwetu yakabaki usemi.

Lipo jambo jingine linaloifunga Moscow na barabara yetu, na sikuweza kulisahau sanduku likiwa mezani. Chuo alichosoma mpwa wangu kilifunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba Februari 1961. Jina liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, porini Shilatembo, kando ya barabara iendayo kutoka Lubumbashi hadi Likasi. Kila anayetoka uwanja wa ndege wa Lubumbashi kuja kwetu hupita hapo. Sanduku la peremende nalo lilipita hapo, ndani ya begi. Mpwa wangu aliniambia dereva alipunguza mwendo, na hakuna aliyesema neno garini.

Nimesikia watu wakidai kwamba vitu vya kigeni visipotupendeza ni kwa sababu ulimi wetu haujafundishwa. Sikubali. Ulimi wa mtoto aliyeitambua karanga ndani ya chokoleti ya Kirusi umefundishwa vizuri sana. Ulichokikosa ni hadithi zilizoandikwa kwenye zile karatasi nyingine, na hadithi huweza kusimuliwa. Ninachokitamani ni njia iende pande zote mbili. Iwepo siku peremende ya kashata, ya halua, ya asali ya miombo, ya masuku, yenye karatasi yake na jina lake kwa Kiswahili, iliyofinyangwa Lubumbashi kwa kakao ya Beni, ifike Moscow, na mtoto wa huko aulize ina ladha ya nini, na mwanafunzi wetu aketi naye amweleze. Wenye mitaji wa Likasi na Lubumbashi, ambao huagiza biskuti kutoka nchi za mbali kwa makontena, wangeweza kulianza jambo hili kwa jiko moja na sufuria tatu. Karanga tunazo, na sukari ya Zambia inavuka mpaka wa Kasumbalesa kila siku.

Nkambo aliihifadhi karatasi ya samawati. Ameikunja mara nne na kuiweka ndani ya Biblia yake, na mgeni akija humwonyesha na kumwambia kwamba kuna nchi ambako maziwa ya ndege yanauzwa, na kwamba yeye ameyaonja, na ni yai. Za grilyazh zilikwisha siku ya kwanza. Za tiramisu bado zipo nne, kabatini. Ukipita Mulungwishi, karibu. Chai tutaichemsha bila sukari.